Kona ya Mkoba wa Turubai

Mukonyo na mumewe Muriithi, wazazi wa Lynn, hushona mikoba ya shule katika kibanda chao mtaa wa Landless, Thika. Cherehani yao ni ile ya kukanyaga kwa mguu. Kitambaa chepesi inashona vizuri. Lakini kwenye kona ya mkoba, pale turubai inakunjwa mara nne, sindano huvunjika. Kwa hivyo Mukonyo humalizia kila kona kwa mkono, na vidole vyake vinamuuma kila siku.

Mwezi wa Novemba shule moja iliwaagiza mikoba themanini. Ilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa Januari. Kwa mkono hawangemaliza. Mama yake Muriithi, anayeishi Theta, akauza ng'ombe wake wa pekee ili wanunue mashine ya kiwandani iliyotumika. Wakikosea kuchagua, hakuna ng'ombe mwingine wa kuuza.

Muriithi alienda peke yake Ruiru kwa muuzaji wa mashine zilizotumika, akarudi akitabasamu. Alikuwa ameona mashine inayong'aa, rangi mpya kabisa. Muuzaji aliitumia kushona kitambaa mbele yake, tena haraka.

Jirani yao Farhiya alisikia habari hiyo. Mama huyu alikuwa fundi wa kukarabati mashine za kiwanda cha nguo kwa miaka tisa, na hana subira na watu wanaopenda rangi.

"Alishona kitambaa cha nani?" aliuliza.

"Chake."

"Na mota ulipofika ilikuwa baridi ama moto?"

Muriithi alikiri kwamba hakuigusa.

"Basi umeona rangi tu, Baba Lynn. Kesho twende na kona ya mkoba wenu."

Walienda wote watatu. Farhiya aliomba mashine izimwe mpaka ipoe, kwa kuwa mota iliyopashwa moto huficha ubovu wake. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Ilipowashwa, Mukonyo akaweka turubai yake. Mashine ya rangi mpya ilishona kidogo, ikaruka mishono, ikakwama. Muriithi aliona aibu.

Pembeni kulikuwa na nyingine, imechubuka na kujaa mafuta. Hiyo ilipita kwenye kona bila kusita. Muriithi akatoa simu alipe papo hapo, lakini Farhiya alimzuia. Alikuwa akisoma kibao cha mota.

"Hii ni ya three phase, stima ya kiwanda," alisema. "Stima ya kibanda chenu ni ya kawaida. Mkifika nayo haitawaka."

Muuzaji alikubali kubadilisha mota. Walingoja mpaka akamaliza, wakajaribu kona tena, ndipo wakalipa na kupewa risiti.

Mikoba yote ilikuwa tayari wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Shule ikaagiza mingine. Mama alikuja kutoka Theta, akaitazama sana ile mashine iliyochubuka.

"Kwa hivyo huyu ndiye ng'ombe wangu," alisema. "Amekonda, lakini anatoa maziwa."

Kufika Agosti waliweza kumnunulia mtamba. Safari hii Muriithi hakwenda kuchagua peke yake. Alimchukua mama yake.