Jina Kwenye Bati la Kivukoni

Nukta nyeupe ilikuwa imehama.

Haikuwa imehama sana. Mtu asiyekaa na picha za rada kila siku asingeigundua, lakini kwa Agnella hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuzisafisha chembechembe na kuzipanga juu ya ramani ili wakulima wa bonde wajue maji ya Kilombero yamefika wapi. Rada ya setilaiti haijali mawingu wala giza. Maji huyatoa meusi tii, na chuma hukitoa cheupe pe. Ndiyo maana kiangazi kilichopita yeye na mwenzake Justin walisimika mabati ya pembe tatu hapa na pale, yawe alama zisizosogea za kupangia picha. Sasa alama ya Kivukoni ilikuwa imeondoka mtoni ikakaa barabarani, kuelekea Ifakara mjini.

Kila bati lilihitaji jina. Justin aliyapa yake majina ya wachezaji mpira. Agnella, kwa mapenzi ya mama, alichovya brashi kwenye rangi akaandika OLIVA, jina la binti yake wa pekee. Bi Rabia, mkaanga samaki wa pale Kivukoni ambaye pia ni mganga, alimkataza. Alisema pale mtoto haitwi kwa jina lake mpaka awe mbali na maji, kwa sababu mtoni yupo anayesikiliza. Justin alicheka. Agnella naye akacheka, asije akaonekana mshamba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mara nyingine guu linalovunjika si lake.

Alichakata picha upya, jibu likawa lile lile. Walimpigia simu Bi Rabia, naye akasema bati lipo walipoliacha, ameanika hata kanga juu yake. Setilaiti ilipopita tena, nukta ilikuwa inaingia mjini. Ilipopita mara nyingine ilikuwa Mlabani, nyuma ya nyumba ya Agnella.

Jioni hiyo nyumba ilinuka tope na kambale, ingawa walikuwa wamekula maharage. Oliva alitoka chumbani taratibu, akamsogelea mama yake aliyekuwa akichambua mchele.

"Mama, dirishani kuna mtu ananiita," alinong'ona. "Sauti siijui, kwa hiyo sijaitika."

Agnella alikuwa amemfunza hivyo mwenyewe: asiyemjua akiita, anyamaze, mama akiita, aitike hapo hapo, asingoje kuitwa mara ya pili. Alimkumbatia mtoto, akaenda kulifunga dirisha. Kesho yake alimpandisha treni kwenda Mlimba kwa mdogo wake, Ursula, kisha akaenda Kivukoni.

Bi Rabia hakumsuta. Alifukiza ubani, akaliosha bati kwa maji ya mto, akamwagiza alikwangue jina la mtoto na kuliacha bati tupu, bila chochote. "Tupu, mwanangu. Umenisikia?"

Agnella alisikia. Lakini Bi Rabia alipogeuka kuuzima moto, hofu ilimnong'oneza kwamba kitu kilichofuata mtoto mpaka dirishani hakitakubali kuondoka mikono mitupu, na kwamba kama kuna wa kuchukuliwa, basi na awe yeye. Akachukua rangi. Pale palipokuwa na jina la binti yake akaandika la kwake.

Picha mpya ilifika mchana mmoja wa mawingu mazito, Justin akiwa ameenda kwa wakulima. Agnella aliisafisha huku akisali. Kivukoni hapakuwa na nukta. Mlabani hapakuwa na nukta. Alilia kwa furaha, akapangusa machozi, na alipotazama tena akaona kwamba ofisi yenyewe, ofisi aliyokaa ndani yake, ilikuwa imezungukwa na weusi pande zote.

Akaenda dirishani. Uani kulikuwa na maji meusi yaliyofika hadi kwenye kizingiti, yametulia tuli, na upepo uliokuwa ukiitikisa migomba haukuyagusa, na ng'ambo ya uzio bodaboda zilipita kwenye barabara kavu bila dereva hata mmoja kugeuza shingo. Alifungua mlango akashusha mguu mmoja, akitafuta ile saruji aliyoikanyaga asubuhi, lakini mguu ulikwenda chini mpaka gotini na haukuikuta, na huko chini kitu laini chenye ndevu kama za kambale kikaupapasa unyayo wake polepole, kana kwamba kinamtambua. Akauchomoa mguu, akarudi ndani kwa magoti, harufu ya tope imemjaa puani, akaishika kompyuta na kuisogeza picha kuelekea magharibi, kijiji baada ya kijiji, akifuata reli, akimwomba Mungu asione kitu, mpaka Mlimba, mpaka nyumba ya Ursula, na hapo nukta nyeupe ilikuwa imetulia mlangoni.

Alipiga simu. Aliyepokea ni Oliva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko na nani hapo?"

"Peke yangu, mama mdogo ameenda sokoni." Mtoto alishusha sauti. "Mama, mbona unapiga simu na umeshafika?"

"Sijafika popote, mwanangu. Niko ofisini."

"Lakini uko hapa mlangoni. Nakusikia."

Agnella alifumbua kinywa amwambie asiitikie. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na hakukutoka hata mkwaruzo, kwa sababu sauti yake haikuwa tena kooni mwake, ilikuwa Mlimba, na aliisikia kwenye simu, laini, yenye upendo wote aliokuwa nao kwa mtoto yule, ikiita, "Oliva. Njoo, mama."

Naye Oliva, mtoto aliyelelewa vizuri, hakungoja kuitwa mara ya pili.

"Abee, mama," akaitika, akaiweka simu mezani, na Agnella akasikia komeo la mlango likifunguliwa.