Shemeji, Fomu Yangu ya Mjane Uliipeleka Wapi?

"Huyu si mjane wa kaka yangu. Alishaachwa siku nyingi."

Wajukuu zangu, maneno hayo aliyasema Athumani, mdogo wa marehemu mume wangu. Aliyasema kwa sauti pale Lushoto, mbele ya dirisha la ofisi ya pensheni, na foleni nzima ikageuka kunitazama.

Mimi Hidaya, bibi wa miaka sitini na nane. Eti niliachwa.

Nikashika ukuta.

Ngoja niwaeleze tulifikaje pale.

Mume wangu Abubakari alikuwa mwanajeshi. Alikwenda vita vya Kagera akarudi na kipande cha chuma kwenye nyonga, akaishi nacho hadi anazikwa. Alifariki mwaka jana, katikati ya mwezi wa tatu.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Sisi huku Mgwashi, mwanamke aliye edani hashuki Lushoto kufuata makaratasi.

Basi wiki ya tatu nikajaza fomu ya pensheni ya mjane, nikaweka saini yangu ya darasa la saba, nikamkabidhi Athumani.

"Shemeji, nifikishie hii."

"Lete. Nitaifikisha kwa mkono wangu."

Kesho yake jioni akarudi.

"Imepokelewa. Wewe tulia usubiri."

Nikatulia. Eda ikaisha. Mahindi yakavunwa. Kila nikimuuliza, jibu ni moja: "Jalada liko Dodoma, shemeji."

Halafu akabadilika.

"Unang'ang'ania nini hapa? Hilo shamba la bondeni ni la ukoo. Rudi kwenu Kwamkoro ukachume chai."

Nikaelewa. Alitaka nikae bila kitu mpaka nichoke, nifungashe mwenyewe.

Wiki iliyopita nikapanda bodaboda, nikaenda. Athumani akasikia, akanifuata na gari la nyuma.

Dirishani alikuwepo binti anaitwa Anitha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nafuatilia ombi langu la mwaka jana."

Akafungua jalada la mume wangu. Akalipekua mara mbili.

"Bibi, humu hakuna ombi lako."

"Lilipokelewa mwanangu. Niliambiwa."

"Halimo. Na naomba unielewe… Ombi likitufikia ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, tunakulipa kuanzia kifo cha mzee. Mwaka ukipita, tunaanzia siku tuliyolipokea. Sasa ni miezi kumi na tisa. Ukiomba leo, unaanzia leo."

Miezi kumi na tisa yangu, imekwenda na maji.

Nikageuka. Athumani alikuwa nyuma yangu, anatabasamu.

"Shemeji, fomu yangu uliipeleka wapi?"

"Niliipeleka inapostahili."

Kisha akasogea dirishani ndipo akatoa yale maneno, kwamba niliachwa. Mtu aliyekula ubwabwa wa harusi yangu.

Anitha hakupepesa macho. "Talaka iko wapi?"

"Ilikuwa ya mdomo."

"Mzee, jalada hili lina cheti cha ndoa. Talaka haimo."

Hapo hasira zikampanda. Angenyamaza akaenda zake, mimi ningekuwa nimekwisha. Ila Athumani hajui kushindwa mbele za watu.

"Mnaniona nimezuka leo? Nilimpinga huyu mwanamke tangu mwanzo. Nilileta barua hapa hapa, mkagonga muhuri. Itafuteni. Itafuteni sasa hivi."

"Ulileta barua ya malalamiko?"

"Ndiyo. Ipo."

Anitha akaingia ndani. Tukasubiri… Athumani akawa anawahadithia watu wa foleni jinsi alivyo mtu wa kufuata taratibu.

Binti akarudi na barua. Nyuma yake imebanwa karatasi.

Wajukuu zangu, ilikuwa fomu yangu. Mwandiko wangu. Saini yangu.

Akasoma kwa sauti: "Naambatisha fomu ya mwanamke huyu ili mjionee anachokitaka, na naomba isishughulikiwe."

Akamtazama Athumani. "Saini hii ni yako?"

"Ni yangu. Ya nani tena?"

"Na fomu uliileta wewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Muhuri wa kupokelewa uko kwenye karatasi zote mbili. Tarehe tisa mwezi wa nne, mwaka jana. Fomu iliwekwa kwenye malalamiko, haikuhamishiwa jalada lake. Hilo ni kosa letu, bibi, utusamehe. Pensheni yako itaanzia kifo cha mzee."

Athumani akakodoa macho.

"Lakini mimi niliileta ili mkatae."

"Tunaangalia siku karatasi ilipofika. Nia ya aliyeileta hatuna pa kuiandika."

Mzee mmoja wa magongo, Eliya, mwanajeshi mstaafu naye, akacheka hadi akakohoa. "Athumani, kumbe wewe ni tarishi wa shemeji yako. Na posho hukudai."

Mimi mnanijua na vitendawili vyangu. Sikuweza kuvumilia.

"Kitendawili," nikasema.

Foleni yote: "Tega."

"Kabeba mzigo akautupe, kaufikisha sokoni."

"Athumani," akajibu mzee Eliya.

Yule bwana alitoka bila kuaga.

Sasa nisikilizeni, wajane wenzangu hasa. Kwenye pensheni hizi, siku ya kujaza fomu hailipi. Inayolipa ni siku iliyogongwa muhuri. Ukiwa edani ukamtuma mtu, hata awe ndugu wa damu, mwambie arudi na nakala yenye muhuri na tarehe. Maneno ya "imepokelewa" usiyakubali. Mimi niliokolewa na chuki ya mtu, na wewe huenda adui yako ana akili kuliko wangu.

Juzi nimepanda maharage bondeni. Athumani siku hizi anapita njia ya juu.

Apite tu. Ni ndefu, na ina matope.