Mama Blessing na Risasi ya Kijitoni

Praxeda, ambaye majirani zake wa Pongwe humwita Mama Blessing, hulima mchicha kando ya kijito nyuma ya nyumba yake. Mafungu yake hufika mpaka soko la Ngamiani, na wateja humwulizia kwa jina. Mumewe, Castory, alikuwa akitengeneza chubwi, vile vizito ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Alivunja betri mbovu za magari, akayeyusha madini yake kwenye moto uani, akayamimina kwenye kalibu. Mchapakazi, hilo halina ubishi.

Mwezi wa pili alikuja Samira, mtaalamu wa maabara ya maji. Alitafuta mkazi wa kuchota maji ya kijito kila mwezi ili yapimwe.

"Mbona maji yetu maangavu, dada?" Mama Blessing alisema. "Unatafuta nini humo?"

"Madini, tena kidogo kidogo sana. Zebaki, shaba, risasi."

Mama Blessing akacheka. "Risasi? Nani kakipiga kijito risasi?"

Samira naye akacheka. "Siyo ya bunduki. Haya ni madini. Majini hayaonekani, hayana harufu, na ukichemsha maji hayaondoki. Yakiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo. Atakuwa mzito darasani na hutajua kwa nini."

"Basi pima leo, tumalize."

"Siku moja haitoshi. Leo kiangazi, kesho masika. Tupime mwaka mzima, mahali pale pale, tuone madini yanapanda au yanashuka."

Akamwachia chupa mbili. Moja ya kuchotea upande wa juu, kabla maji hayajafika nyumbani kwake. Nyingine ya upande wa chini, baada ya bustani.

Sasa, Mama Blessing hapendi uchafu. Aliziosha chupa kwa sabuni na jivu mpaka zikang'aa, akachota kwa ndoo ya bati. Samira alipozipokea akashika kiuno.

"Mama Blessing, umezisafisha mpaka umezichafua! Jivu lina madini, ndoo ya bati ina madini. Sasa nipime kijito au nipime jiko lako?"

Aliona haya, lakini si mtu wa kukosea mara mbili. Tangu siku hiyo alivaa glavu. Chupa alizifungua pale pale kijitoni, akazijaza bila ndoo. Kwenye daftari aliandika tarehe, na kama mvua ilinyesha.

Mwezi wa tatu, majibu ya juu na ya chini yalilingana. Masika ilipoanza, ya juu yalibaki vile vile, lakini ya chini risasi ilipanda sana. Mwezi uliofuata ikapanda tena.

"Mvua inasomba kitu hapa katikati," Samira alisema kwenye simu. "Katikati kuna nani?"

Katikati kulikuwa na nyumba moja tu, ya Mama Blessing, na uani kwake ndiko Castory alikoyeyushia betri.

"Nipe mpaka kesho, dada," akajibu.

Jioni alimwambia mumewe. Castory akakunja uso.

"Watu wakijua, mchicha wako utaliwa na nani? Chupa zote mbili chota kule juu, yaishe."

"Baba Blessing, nikiidanganya chupa, namdanganya mwanangu. Ana miaka minne. Mtazame."

Blessing alikuwa amekaa uani, anachora kwa kidole kwenye vumbi la kijivu karibu na kalibu. Alipomaliza, akatia kidole mdomoni. Castory akainuka. Akamkimbilia, akambeba, akamnawisha mikono kwa sabuni, mara mbili.

Kesho yake walimwita Samira wote wawili. Hakuwagombeza. Aliwaonya wasiuzoe wenyewe udongo wa uani uliojaa risasi. Wataalamu walikuja kuuchimba, wakaupeleka mahali salama. Hospitali walimpima Blessing damu. Risasi ilikuwamo, ila daktari alisema wamewahi. Mama Blessing aling'oa mchicha wote, ingawa roho ilimuuma, akaanza bustani mpya upande wa juu. Castory akajifunza kumimina vizito vya saruji. Wavuvi walinung'unika kidogo, kisha wakazoea.

Kuchota maji Mama Blessing hakuacha hata mwezi mmoja. Masika ya mwaka uliofuata ilinyesha kwa nguvu, na majibu ya chini yakalingana na ya juu. Damu ya Blessing nayo risasi ilikuwa imeshuka.

Kwenye mkutano wa mtaa, Samira alimpa Mama Blessing karatasi ayasome majibu mwenyewe. Akasoma mwezi kwa mwezi, bila kukwama. Jirani yao Yasini akanyoosha mkono.

"Tumeelewa, mama. Lakini huyo aliyekuwa akitia risasi kijitoni, alikamatwa?"

Watu wakatazamana. Castory akasimama, kifua mbele.

"Alikamatwa," akasema. "Ni mimi. Na aliyenikamata ni huyu hapa, mke wangu."