Aya Nne kwa Adow wa Diff

Simu ya Bilan Nuh ilikufa kifo cha kisiasa. Ilirushwa ukutani alasiri moja ya Januari, mara tu baada ya mtu kuandika mtandaoni kwamba kisima kipya cha mtaa wa Iftin kilichimbwa na chama cha Taa, ilhali kila mwenye kiu alijua kilichimbwa na chama cha Ndoo. Kesho yake marehemu alifungwa kwenye leso na kupelekwa Soko Mugdi, na huko ndiko msiba ulikogeuka.

Soko la Garissa lilikuwa limefurika. Wauza maziwa ya ngamia walikuwa wamepanga madumu yao ya manjano, muuza udi alikuwa akimfukiza kila mpita njia bila idhini, na mbuzi wawili walikuwa wakila katoni ya mtu. Bilan alipita katikati yao na abaya nyeusi iliyotariziwa uzi wa dhahabu mikononi, hijabu ya zambarau, hina mbichi vidoleni, na uso wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Kwenye kona akagongana na kijana aliyebeba sinia ya chai. Chai ikamwagika juu ya leso. Yaani juu ya marehemu.

"Astaghfirullah! Dada, samahani. Nimeharibu nini?"

"Simu yangu."

"Basi una bahati. Mimi ni fundi wa simu."

Kijana huyo aliitwa Hamze. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa kama la mwanafunzi siku ya kufungua shule. Alimkaribisha kibandani kwake, akafungua leso kwa heshima zote za mazishi, akatikisa kichwa.

"Dada, hii haikuuawa na chai. Ilianguka?"

"Niliirusha."

"Ilikukosea nini?"

"Kuna mtu alidanganya kuhusu kisima."

"Sasa simu ina kosa gani?"

"Ilimpa nafasi ya kusema."

Hamze akainamisha kichwa ili asicheke mbele ya mfiwa.

"Wewe uko chama gani?" Bilan akamuuliza kwa ukali.

"Mimi niko chama cha mafundi. Uchaguzi ukikaribia mnazirusha sana. Hatuna malalamiko."

Bilan akacheka. Alikuwa na mwanya mdogo kwenye meno ya mbele, na hapo Hamze akaisha. Kiwiliwili kilibaki kibandani kikishika bisibisi, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku hiyo familia ya Mzee Nuh ikaanza kunywa maziwa mengi sana, kwa sababu kila alasiri Bilan alijitolea kwenda kuyanunua. Njia ya maziwa ilipitia kibandani. Machi ilipofika, Hamze alikuwa anamwita asali, naye Bilan alikuwa anamwita fundi kwa sauti ambayo hakuna fundi mwingine sokoni aliyewahi kuitwa nayo. Hamze aliazimia kumtuma ami yake kuposa baada ya mwezi wa Ramadhani.

Ndipo akajiunga na Baraza la Wenye Hoja.

Hili lilikuwa jukwaa la mtandaoni ambako hoja zilikuwa chache na wenyewe wengi. Maelfu ya watu wa Garissa, Wajir na Mandera walikutana humo kutetea Taa au Ndoo kwa bidii ambayo kama wangeitumia kuchimba, visima vingekuwa vingi mno visigombewe. Hamze aliingia ili tu aone mpenzi wake anapotelea wapi kila jioni. Akaona. Bilan alikuwa akimwandikia mtu anayeitwa Adow wa Diff, mji wa mbali kule Wajir. Alimwandikia aya nne: aya ya kumsalimu kwa kejeli, aya ya ushahidi, aya ya kumpindua, na aya ya kumalizia iliyokuwa na neno "hata hivyo".

Hamze hakuwahi kuandikiwa "hata hivyo" maishani mwake. Akapiga simu.

"Bilan, Adow ni nani?"

"Adow yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

"Ah, wa Diff! Yule mtu ni mbishi, wallahi. Jana amenijibu kwa takwimu."

"Takwimu," Hamze akasema, kwa sauti ambayo wanaume wengine huitumia kusema "maua". "Na mimi asubuhi nilikuandikia kwamba nimeota tuna nyumba Iftin, ina mlango wa bluu. Ulinijibu nini?"

"Si nilijibu?"

"Ulijibu 'sawa'."

"Kwani si sawa?"

"Adow anapata aya nne, mimi napata neno moja!"

"Fundi, unamwonea wivu mtu ninayemtukana?"

"Ndiyo! Unamtukana vizuri sana!"

Bilan alicheka mpaka akakata simu. Hamze hakucheka. Alikaa, akatafakari kama mwanafunzi aliyekabidhiwa hesabu ngumu, akapata jibu baya. Kama ubishi ndio unaozaa aya, basi na yeye atabishana. Akafungua akaunti mpya, akajiita Mwana wa Taa, na bila kumjua mgombea hata mmoja wa Taa akaandika kwamba maji ya kisima cha Iftin yana chumvi.

Aya tatu! Zilikuja kabla chai yake haijapoa. Hamze alizisoma akitabasamu, akajibu, akaletewa nyingine. Simu za wateja zikarundikana mezani zikiwa zimepasuliwa matumbo. Kila Bilan alipopita na dumu lake alimkuta fundi ameinamia simu anacheka peke yake, na akimwona anaificha chini ya meza.

"Unamwandikia nani?"

"Mteja."

"Mteja gani anachekesha hivyo?"

"Ni... mteja wa mbali."

Bilan akalinunua neno "mbali" pamoja na maziwa, akaenda nalo nyumbani, na likachacha. Jioni ile akapiga simu akiwa na nia ya kuuma.

"Barazani amekuja mtu mpya, Mwana wa Taa. Ana akili kuliko Adow."

Moyo wa Hamze ukapanda juu kwa fahari, kisha ukashtuka. "Kuliko Adow, haya. Kuliko mimi?"

"Wewe huongei siasa."

"Kwa hiyo unampenda?"

"Ninampinga, Hamze."

"Kwa aya ngapi?"

Hivyo ndivyo kijana mzima wa Garissa, mwenye afya na kitambulisho, alivyoanza kukionea wivu kidole gumba chake mwenyewe.

Alhamisi moja wivu huo ulimtuma apime. Mwana wa Taa akaandika mbele ya baraza zima: "Dada mkali, huna mchumba wa kukutuliza?"

Bilan, ambaye bado alikuwa na mteja wa mbali kooni, akajibu: "Ninaye. Ni mpole mno. Hana msimamo hata kuhusu sukari ya chai."

Baraza likacheka. Adow wa Diff akaweka vikatuni vitatu vya kicheko. Hamze angeweza kuvumilia kimoja. Viwili pia, kwa msaada wa Mungu. Cha tatu kilimtoa akili, na kidole gumba kikaandika:

"Heri asiye na msimamo kuliko baba yako, aliyekwenda mkutano wa Taa kufuata biriani akarudi na nyama mfukoni."

Hakuna aliyeweka kikatuni. Kubishana kuhusu kisima ni mchezo, lakini kumvunjia mzee heshima mbele ya watu si mchezo, na jambo hilo lina dawa iliyokuwepo kabla ya simu kuwepo. Inaitwa haal. Aliyetukana huja na jamaa zake na mnyama wa faini mpaka mlangoni kwa aliyetukanwa, wazee hukaa, na tusi hufungwa hapo. Asipokuja, jina la jamaa zake wote huchafuka naye. Wazee wa Iftin wakauliza swali moja tu: Mwana wa Taa ni nani? Wote wakajijibu: ni Adow wa Diff, amefungua akaunti ya pili. Simu ikapigwa Diff. Watu wa Adow wakaapa kwamba watakuja Jumamosi kukana, na hawakusikika kama watu wanaokuja kwa upole.

Bilan alivaa hijabu, akaenda sokoni bila dumu.

"Nani mwingine anajua kwamba nyama ile ililetwa mfukoni?" akauliza.

Hamze akaweka bisibisi chini.

"Nilikuwa mgonjwa," Bilan akasema. "Nilikataa chakula siku nzima. Baba alikwenda kwenye mkutano wa watu asiowapenda, akakaa juani akisikiliza upuuzi, akafunga kipande cha nyama kwenye leso yake aniletee mimi. Nilikusimulia wewe peke yako, Hamze. Ukakitupa mbele ya watu ili umpige Adow!"

"Ulinicheka mbele yao."

"Nilidhani una mwanamke!"

"Mwanamke gani?"

"Huyo mteja wa mbali!"

"Mteja ni wewe, Bilan. Nilikuwa nasoma aya zako."

Simu moja ikalia mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Baba ameapa," Bilan akasema, sasa kwa sauti ya chini, "aliyeandika maneno yale hatakanyaga kwetu ila kwa haal. Ukinyamaza, Adow atabeba aibu yako, na hakuna atakayejua. Ukisema, sijui kama utapewa hata maji pale, sembuse mke."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka niwe na mtu mwenye msimamo."

Akaondoka, na harufu ya udi ikamfuata kama msindikizaji.

Hamze alizisukuma kando simu zilizopasuliwa. Kisha akaingia barazani kwa jina lake: "Mwana wa Taa ni mimi, Hamze, fundi wa Soko Mugdi. Adow hana kosa. Mzee Nuh hana kosa. Nilimwonea wivu kijana mmoja, nikamtukana mzee mwingine." Kisha akafunga kibanda, akaenda kwa Abdinoor, ami yake aliyemlea, mfanyabiashara wa ngamia.

"Adeer, nimetukana."

"Nani?"

"Mzee Nuh."

"Yule ambaye baada ya Ramadhani nilikuwa niende kukuposea binti yake?"

"Ndiye."

Abdinoor akavua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. "Hamze, watu huanza na posa, halafu matusi huja taratibu ndani ya ndoa. Wewe umegeuza ratiba."

Jumamosi asubuhi ngamia mchanga alikokotwa kupitia Iftin, kushoto Abdinoor, kulia wazee wawili, na nyuma Hamze akishika kamba akiwa na shati lake jeupe. Njia nzima alikuwa akiomba jambo moja: Adow awe mzee. Awe na ndevu za hina, meno mawili na fimbo. Mlangoni kwa Mzee Nuh kulikuwa na gari jeupe lililojaa vumbi la safari ndefu, na kutoka ndani yake akashuka kijana mrefu mwenye kanzu safi, mabega mapana na manukato mazuri. Mungu hakumdhulumu popote.

"Walaal," kijana akasema, akimpa mkono. "Mimi ni Adow. Nimetoka Diff kuja kukana matusi yako. Umekiri nikiwa njiani. Ningejua ningelala."

"Nisamehe, ndugu yangu," Hamze akasema, na alimaanisha, ingawa macho yake yalikuwa yakipima yale mabega.

Wazee wakaketi uani juu ya mikeka. Bilan akaleta chai, gauni lake la dirac la kijani likimeta chini ya shali. Adow akainua macho.

"Dada Bilan, kuhusu kile kisima..."

"Maji yake matamu, Adow."

"Yana chumvi."

"Umeyanywa wapi?"

"Nimesoma."

"Maji husomwa?"

Wazee wakakohoa kwa pamoja. Hamze aliikaza kamba mpaka ngamia akalalamika.

Maneno ya haal yakasemwa, samahani ikaombwa na ikapokewa, kamba ikabadili mkono. Mzee Nuh akazishika ndevu zake. "Tusi limefungwa," akasema. "Ila biriani ni kweli nilikwenda. Na nyama nilileta." Akamtazama binti yake. "Na alikula."

Abdinoor akasafisha koo. "Mzee, kuna jambo la pili."

"Leo hii?"

"Viatu tumeshavua."

Mzee Nuh akamgeukia Hamze. "Kijana, nasikia huna msimamo hata kuhusu sukari."

"Vijiko vitatu, Mzee."

"Na kuhusu binti yangu?"

"Hapo sihami chama."

Mzee mmoja akacheka, kisha wawili, kisha hata Adow. Mzee Nuh alijitahidi asicheke, akashindwa. "Ngamia huyu ni wa mdomo wako," akasema. "Kwa ajili ya Bilan mtarudi na wengine. Lakini kwanza yeye mwenyewe aseme."

Bilan alikuwa amesharudi ndani, nyuma ya pazia. Mlangoni alisimama mama yake, Qali, mikono imejaa unga.

"Mwanangu," akamwambia Hamze, "ile ndoto yako ya mlango niliisoma. Bluu inashika vumbi. Pakeni kahawia."

"Uli... uliisoma, hooyo?"

"Simu ya Bilan naisoma kila jioni. Yote. Siasa inanichosha, lakini nasoma."

Mbele ya Hamze ikapita kila "sawa" aliyowahi kuandikiwa, na nyuma ya kila moja akamwona Qali amevaa miwani. Msichana angeandika nini zaidi? Aya nne angeweza kumwandikia Adow peke yake, kwa sababu mama mtu angesoma kuhusu kisima na kulala.

Akainuka, akasimama kando ya ngamia, akaandika: "Bilan, wazee wanasubiri. Unakubali kuolewa na mimi?"

Simu ikatikisika upesi. Ilikuwa taarifa ya Baraza la Wenye Hoja. Nyuma ya pazia, Bilan alikuwa amemjibu Adow kuhusu kisima: salamu ya kejeli, ushahidi, pigo la kumpindua, na "hata hivyo". Wivu ukamrudia Hamze, ule ule wa zamani, wenye mabega mapana na manukato.

Simu ikatikisika tena.

"Sawa."

Akaisoma polepole, kutoka juu mpaka chini, kama mtu mwenye aya nne mkononi.