Jani la Mche wa Zawadi

Soko lilikuwa limefurika. Binti wa maabara, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, alijikwaa kwenye ndoo ya miche ya michungwa akaangukia mikononi mwa muuzaji.

"Pole, dada. Ndoo zangu hazina adabu."

"Na mwenyewe je?"

"Mimi ninayo. Chukua mche huu, zawadi. Vikonyo vya kupandikizia miche yangu yote navikata kwenye mchungwa aliotuachia baba."

Wakaanza kupigiana simu.

"Daktari wa miti, umekula?"

"Nimekula, Chungwa. Punguza kelele, utafukuza wateja."

Kazi ya binti ilikuwa kutafuta bakteria waliojificha ndani ya miti ya matunda, mti ungali kijani na unazaa. Siku moja, kwa mazoea tu ya mkono, alichuma jani la ule mche, akakata mshipa wa katikati, akaupima pamoja na mingine. Majibu yalimkata maini. Ugonjwa umo. Akampigia Chungwa, akamweleza.

"Nimekupa zawadi, wewe unaipeleka maabara?"

"Mpenzi, kama mche unao, mti wa baba unao. Na wote uliowauzia..."

"Mti wa baba ni kijani kuliko gauni lako!"

Simu ikakatwa. Binti alilia, lakini majibu hakuyabadilisha.

Wiki kadhaa baadaye, akipita sokoni, aliisikia ile sauti. Chungwa alisimama juu ya ndoo, shati limejaa unga wa mbao.

"Jamani, miche yangu ilikuwa na ugonjwa! Irudisheni, nitawapa mizima. Mti wa baba nimeukata kwa mkono wangu."

"Nani aliugundua?" mama mmoja akauliza.

"Yule pale!"

Soko zima likageuka. Binti, mwenye haya tangu utotoni, safari hii hakuinamisha macho. Kifua kilimjaa, kwa ajili ya kazi yake, na zaidi kwa ajili ya yule kijana juu ya ndoo.

Kesho yake Chungwa alibisha hodi maabara na mche uliofunikwa chandarua kuzuia wadudu.

"Nimeufuata kitalu kingine. Pima kwanza, ndipo upokee."

Alisubiri kwenye benchi akijitafuna kucha, mpaka mlango ukafunguliwa.

"Mzima."

"Basi njoo uupande ulipokuwa mti wa baba. Mama ameshachimba shimo."

"Nije kama mgeni?"

"Njoo kama mke wangu, mwenye shamba."

Binti akaukumbatia mche.

"Mwambie mama aongeze kina. Anayekuja ni wa kukaa."