Nguruwe, Farasi na Habari Iliyoruka Ua

Tangazo! Wazee, akina mama, vijana, na ninyi mlioanza kusoma juzi: hii ni hadithi ya heshima. Inahusu kuishi kwa kiasi na kuwa na moyo wa shukrani. Ndani yake hamna ugomvi, hamna uongo, na kila mtu ana adabu zake kamili.

Basi, asubuhi moja hapa kwetu Vava'u, visiwa vya Tonga, Sateki alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachungulia uani kwa jirani. Ndoo ikapasuka.

"Umeona nini leo?" aliuliza Vika, mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye karai la nguo.

"Sijaona kitu. Nilikuwa naangalia hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya Vava'u siku hizi inakaa kwa Lisiate?"

Binti yao Kalolaine alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, ambako alikuwa amejifunza hesabu, kuimba kwa sauti nne, na kutunga visingizio.

Sateki na Lisiate walizaliwa mwaka mmoja na kukua pamoja. Sasa ua mmoja tu uliwatenganisha, na ua huo ulikuwa mgonjwa wa wivu. Lisiate alipojenga banda la mkokoteni wake, Sateki alipaka nyumba yake rangi. Rangi haikutosha. Akapaka upande mmoja tu, ule unaotazama kwa Lisiate.

Jumapili ya Watoto ilikuwa inakaribia. Siku hiyo watoto huvaa nyeupe na kusema aya zao kanisani kwa moyo. Kisha kila familia huandaa chano kirefu cha makuti, kimejaa chakula, na kukaribisha wageni. Watu husema wanakwenda kusikiliza aya. Macho yao huwa kwenye vyano.

Jumatano, habari iliruka ua. Habari yenyewe ilikuwa hii: Lisiate atachoma farasi mzima, na kwetu nyama ya farasi ni ya sherehe kubwa.

Sateki aliacha kula.

"Farasi! Yule anayevuta mkokoteni?"

"Watu wanasema tu, baba," alisema Kalolaine, akiinamia sahani yake.

"Yeye farasi, na mimi niweke nini? Samaki? Mwanangu Manase asimame mbele ya kanisa aseme aya yake, kisha watu waje kwangu wale samaki?"

"Samaki wana kosa gani?" aliuliza Vika.

Sateki alikuwa anatazama bandani, mahali alipolala Mafana.

Mafana alikuwa nguruwe jike mkubwa, mweusi, mwenye sikio moja lililochanika. Watoto wake wa kila mwaka ndio waliomlipia Kalolaine shule. Sasa alikuwa na mimba tena, na tumbo lake lilikuwa linagusa chini.

"Jumamosi asubuhi," alisema Sateki, "tutamchinja Mafana."

Kijiko kilianguka. Kilikuwa cha Kalolaine.

"Baba, ana mimba!"

"Naona."

"Amebakiza siku chache tu azae! Ukimchinja yeye umewachinja wote. Na banda litabaki tupu. Mwakani tutakuwa na nini?"

"Mwakani ni mwakani. Jumapili ni Jumapili." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimesema. Watu wote watajua Sateki naye ni mtu."

Vika aliondoa sahani. Naye Kalolaine, ambaye siku zote alikuwa na neno la kuchekesha, alilitafuta siku hiyo asilione.

*

Ijumaa Kalolaine alijaribu kila njia. Alimsifu baba yake. Alimwambia nguruwe mwenye mimba nyama yake ni ngumu. Alimwambia ameota ndoto mbaya.

"Umeota nini?"

"Nimeota… Mafana anaimba kwaya."

"Sauti ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi mbinguni atapata nafasi," alisema Sateki, akaendelea kunoa kisu kwenye jiwe.

Kwenda kwa Lisiate hakukusaidia kitu, kwa sababu hakuenda. Alifika hadi kwenye ua, akashika mti wa ua, akasikia Lisiate anamwambia mtu kwa hasira, "Akichinja, na mimi nachinja!" Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

Hapo ndipo alipomkumbuka shangazi.

Shangazi Meleseini aliishi kijiji cha pili, njia ya pwani. Alikuwa dada yake Sateki. Kwetu Tonga, dada ni mkubwa kwa kaka yake hata kama kazaliwa nyuma yake. Mtoto hamkatalii shangazi, na kaka hamkatalii dada. Akiomba kitu mbele ya watu, ni chake. Shangazi Meleseini alijua nguvu hiyo, na kwa kuwa aliijua, aliitumia mara chache sana. Alikuwa akiwafundisha akina mama wa vijiji kilimo cha bustani na jinsi ya kupanga mambo ya nyumbani.

Kalolaine alimkuta amekaa sakafuni, anasuka mkeka wa majani ya mkadi.

"Mbona unatetemeka, wewe?"

"Baridi, shangazi."

"Jua lote hili?" Shangazi aliweka kazi chini. "Sema."

Kalolaine alisema. Alisema karibu yote. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Kalolaine.

"Na hiyo habari ya farasi imetoka wapi?"

"Watu, shangazi. Unawajua watu."

"Nawajua," alisema shangazi. "Rudi nyumbani. Usimwambie baba yako neno."

*

Jumamosi kulipopambazuka, moto ulikuwa umeshawaka. Maji yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Wajomba wawili walikuwa wamemfunga Mafana miguu, naye amelala ubavu chini ya mfenesi, anahema. Tumbo lake lilikuwa linacheza. Watoto wake walikuwa wanapiga teke humo ndani.

Kalolaine alitazama njiani. Njia ilikuwa tupu.

Sateki alishika kisu. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye sherehe. Alikuwa na uso wa mtu aliyeanza jambo na hajui kuliacha.

"Mshikeni kichwa," alisema.

"Baba, ngoja!"

"Kalolaine, ingia ndani."

"Maji hayajachemka vizuri!"

"Yamechemka."

"Kisu kina kutu!"

"Kalolaine!"

Sateki alipiga magoti kando ya Mafana. Kisu kikainuka.

"Sateki."

Sauti haikuwa kubwa. Shangazi Meleseini alikuwa amesimama nyuma yao, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Alipita katikati ya wanaume, akakaa juu ya gogo karibu na kichwa cha Mafana, na kuweka mkono wake kwenye lile sikio lililochanika.

Sateki alishusha kisu. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye udongo, kwa sababu mtu hasimami juu ya dada yake.

"Nimekuja kuomba kitu, kaka yangu."

"Omba, dada."

"Namtaka Mafana. Namtaka mzima."

Wajomba walitazama miguu yao. Sateki alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ni wako," alisema mwishowe. Neno lilimtoka kama mwiba. "Lakini umeniua, dada. Kesho Lisiate anaweka farasi. Mimi nitaweka nini? Nitaweka aibu?"

"Fungueni miguu ya nguruwe wangu," shangazi aliwaambia wajomba. Kisha akamgeukia kaka yake. "Ukiamka asubuhi, unatazama wapi kwanza?"

"Kwa Lisiate, akiwa juu ya ndoo," alisema Vika kutoka mlangoni.

"Nimesikia. Basi nikuulize jingine. Banda la Mafana linavuja upande gani?"

"Banda linavuja?"

"Linavuja upande wa nyuma. Nimeliona nikipita. Viazi vikuu vyako vimemezwa na magugu. Ua wa Lisiate unaujua hadi misumari yake, na wako hujautembelea tangu lini?"

Mjomba mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Usicheke, na wewe zamu yako inakuja," alisema shangazi. "Sikiliza, kaka. Wako watu wanaodhani kuishi kwa kiasi ni kujinyima, au ni umaskini uliovaa nguo za kanisani. Sivyo. Kuishi kwa kiasi ni kukijua kitu kinachokutunza, ukakitunza. Mafana anakutunza. Ukimchinja ili utazamwe siku moja, Jumatatu watu watakuwa wamesahau, nawe utaamka mbele ya banda tupu. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Maneno ni rahisi," alisema Sateki. Lakini kisu alikuwa amekiweka chini.

"Ni rahisi, kweli. Kwa hiyo nakupa kazi. Kila asubuhi, kabla hujatazama kwa mtu, zunguka uani kwako. Tafuta kitu kimoja chema, ukitaje kwa sauti. Tafuta kimoja kilichoharibika, ukitengeneze siku hiyo hiyo. Jioni, mkikaa kwa sala, kila mtu aseme alichoona. Moyo ni kama shamba, kaka. Huota kile unachokipalilia."

Sateki aliinua kichwa. Alitazama huku na huku uani kwake, kama mgeni.

"Mnazi huu," alisema kwa shida, "una nazi nyingi."

"Haya. Umeanza."

Ndipo farasi alipolia.

Kilikuwa kilio kibaya, cha hofu, na kilitoka ng'ambo ya ua. Mjomba mmoja alipanda ile ndoo iliyopasuka akachungulia.

"Wamemfunga," alisema. "Lisiate ana shoka. Anasema Sateki keshamchinja Mafana, na yeye hawezi kushindwa."

Huyo farasi ndiye aliyembeba Lisiate na mazao yake kutoka shambani, ng'ambo ya kilima. Bila yeye, Lisiate angebeba kila kiazi kwa bega lake, na bega lake lilishavunjika mara moja.

Watu wote walimtazama Sateki. Miezi mingi hakuwa amemsemesha Lisiate ila kwa kukohoa. Angeweza kukaa kimya. Farasi angekufa, na mwakani Lisiate angekuwa chini yake. Kalolaine aliliona wazo hilo likipita usoni mwa baba yake. Lilipita polepole sana.

Kisha Sateki akakimbia. Hakwenda kuzunguka kwenye lango. Alipita katikati ya ua, miti ikavunjika, shati likachanika.

"Lisiate! Shusha shoka! Mafana mzima! Njoo umwone, mjinga wewe, mzima!"

Shoka lilibaki hewani. Lisiate alimtazama yule mtu aliyesimama mbele yake na vijiti kwenye nywele.

"Hukumchinja?"

"Sikumchinja. Mfungue mnyama wako."

"Na kesho utaweka nini?"

Sateki alitoa kijiti kwenye nywele. Hili lilikuwa gumu kuliko ua.

"Samaki," alisema. "Na viazi vikuu, na majani ya magimbi kwa tui. Nazi ninazo nyingi. Nimezitaja."

Lisiate alishusha shoka. Alivuta fundo la kamba, likazidi kukaza. Sateki akamfungulia.

"Mimi nina matikiti," alisema Lisiate. "Na kuku."

"Basi tuweke chano kimoja. Ua wenyewe umeshavunjika."

*

Jumapili Manase alisema aya yake bila kukwama. Chano kilipita pale palipokuwa na ua, kuanzia uani kwa Sateki hadi uani kwa Lisiate. Wageni walikula wakashiba, na hakuna chakula kilichotupiwa mbwa. Bibi mmoja alitafuta farasi chini ya majani ya migomba. Hakumpata. Alikula samaki mara tatu.

Ndoo ilitupwa. Kila asubuhi Sateki alizunguka uani kwake akitaja mambo kwa sauti, na watu wa njiani wakadhani anaumwa. Aliziba banda. Alipalilia viazi. Jioni, kwenye sala, Vika alisema, "Leo nimeona mume wangu anatazama mbele." Wiki haikuisha, Mafana akazaa kwenye nyasi kavu, chini ya paa lisilovuja. Shangazi alikuja kumtazama nguruwe wake, akasema ataendelea kufugwa pale pale alipo, maana yeye hana nafasi.

Sateki alibeba watoto wawili wa nguruwe, mmoja kila kwapa, akampelekea Lisiate. Wakakaa wote juu ya mkokoteni, shangazi kwenye mkeka kando kidogo, na Kalolaine akagawa madafu.

"Lakini jirani," alisema Sateki, "wazo la kuchoma farasi lilikujaje?"

"Langu? Mimi nilisikia wewe unamchinja Mafana. Jumatano ile ile."

"Jumatano? Mimi Jumatano nilikuwa sijaamua! Niliamua baada ya kusikia habari ya farasi."

Wakatazamana.

"Aliyekuambia ni nani?"

"Na wewe aliyekuambia ni nani?"

Vichwa viligeuka pamoja. Kalolaine aliangalia dafu lake kana kwamba limeandikwa aya.

"Habari haina miguu, mwanangu," alisema shangazi taratibu. "Haiwezi kuruka ua. Nani aliibeba?"

"Mimi," alisema Kalolaine. "Zote mbili. Nilidhani mtacheka." Kisha akalia, na safari hii hakuwa na kisingizio.

Aliambiwa asafishe banda la Mafana hadi siku ya kurudi shule, na aiandike hadithi yote ili wengine wajifunze. Ameiandika. Shangazi ameisoma hapa mkekani, akarudi kwenye lile tangazo la mwanzo, akaweka kidole juu ya "hamna uongo", akauliza huyu Kalolaine anayesimuliwa kwa mbali hivi ni mtoto wa nani.

Ni mimi, shangazi. Ni mimi.