Assia Achagua Chuo

Assia alimaliza shule ya sekondari akapata alama nzuri. Alitaka kufanya kazi ya maabara, kupima damu ya wagonjwa. Kwao ni mtaa wa Cibitoke. Baba yake, Shakuru, hutengeneza pikipiki.

Vyuo viwili vilimkubali. Cha kwanza kilisifika kwa starehe: muziki kila Ijumaa, mashindano ya urembo, matembezi ya ufukweni. Rafiki yake Joëlla alikuwa ameanza huko. Cha pili kilisifika kwa ukali. Watu walisema wanafunzi wake hawacheki.

"Mi naenda kwa Joëlla," Assia alimwambia baba yake.

Shakuru hakubishana naye. Alimwita jirani yao, mama Spéciose, mfanyakazi wa maabara ya hospitali.

"We umefika kule?" Spéciose akamuuliza Assia.

"Apana. Nimeona video kwa simu."

"Video ni za sherehe. Enda siku ya masomo. Kaa darasani. Uliza kama serikali inatambua diploma yao. Omba uone labo, ile maabara yao. Tafuta waliomaliza, ujue wanafanya kazi gani. Na kile chuo kikali, usikiamini kwa jina tu. Fanya vilevile."

Jumanne Assia alikwenda chuo cha kwanza. Joëlla alimpokea vizuri. Walimngoja mwalimu mpaka saa tano, hakuja. Maabara ilikuwa imefungwa. Assia alichungulia dirishani, akaona spika na viti vya plastiki.

"Mashine zitakuja," Joëlla alisema.

Kesho yake alikwenda chuo cha pili, mtaa wa Nyakabiga. Mwalimu Dorothée alimruhusu akae nyuma. Wanafunzi wanne walikuwa na darubini moja, wakipokezana. Mmoja wao, Méthode, alikuwa anarudia mwaka.

"Ni nguvu, si rahisi," Méthode alimwambia. "Lakini nikikosea, mwalimu ananionyesha wapi. Na Jumamosi tunacheza mupira."

Assia aliuliza habari za waliomaliza. Méthode alimtajia watatu: wawili wanafanya kazi hospitalini, mmoja bado anatafuta. Diploma yao ilikuwa inatambuliwa.

Akajiandikisha pale. Kumwambia Joëlla ndiko kulikomsumbua.

"Unaniacha?" Joëlla akauliza.

"Apana. Twende wote."

Joëlla hakwenda. Kwa wiki nzima hakupokea simu, kisha wakaanza tena kuongea.

Mwaka wa kwanza Assia alianguka somo moja. Alilirudia, akapita. Mwaka wa pili alipelekwa hospitalini kwa mazoezi. Asubuhi moja aliletwa mtoto mwenye homa kali. Assia aliweka tone la damu kwenye kioo, akalitazama kwa darubini muda mrefu, kisha akamwita msimamizi.

Msimamizi naye akatazama.

"Umeona nini?"

"Malaria."

"Andika," msimamizi akasema, akampa kalamu.